The Bloody Chamber, kitabu cha kukodi: kizuri ila sio cha watoto

Wa Mtwara mjini, kuna jamaa karibu na soko anakodisha vitabu vya mtumba, jina nalihifadhi maana nina ugomvi naye kidogo. Buku kwa wiki, unaacha elfu tano ya dhamana. Vitabu vizima, anavivalisha nailoni kama daftari za shule, hapo sina neno. Tatizo ni kwamba hiki cha Angela Carter nimekikuta kwenye boksi la watoto eti kwa kuwa ni ngano, na mi bila kukagua nikamchukulia binti wa dada, yuko la sita English medium.

Kesho yake tunamenya mihogo ananiuliza, mamdogo, hivi bibi anaweza kugeuka mbwa mwitu? Nikajua ni ile ya kasichana ka kofia nyekundu. Kumbe wapi. Humu binti anatumwa kwa bibi mgonjwa, njiani mbwa mwitu anamrukia, binti anamkata huyo mbwa mwitu mguu kwa kisu, anaufunga kwenye kitambaa anaondoka nao, akifika kwa bibi anafungua anakuta sio mguu tena ni mkono wa mtu una pete ya ndoa na chunjua, na bibi kitandani hana mkono. Majirani wakaiona ile chunjua wakasema mchawi huyo, wakampiga mawe mpaka akafa. Binti akahamia nyumba ya bibi na mambo yakamnyookea, imeisha hiyo.

Nimeirudia mara tatu usiku kwa tochi ya simu (gesi inatoka kwetu, umeme unakatika kwetu, haya). Maana jiulize, ule mguu wa mbwa mwitu aliuona nani? Binti peke yake. Na nyumba kachukua nani? Wenzetu wa kanda ya ziwa vikongwe wameuawa miaka na miaka kisa macho mekundu, macho yenyewe ni moshi wa jikoni, na ukichimba huwa hukosi shamba hapo katikati. Huku kwetu ingekuwa mikorosho. Mzungu wa Uingereza kaandika hii 1979 na nilikuwa naona kabisa mtaa ninaoujua.

Hadithi ziko kumi. Ile kubwa iliyobeba jina la kitabu ni ya bwana anayeua wake zake na kuwaweka chumbani, hiyo Mfaransa Perrault aliitoa 1697 na kwake kaka zake bibi harusi ndo wanakuja kuokoa. Kwa Carter anakuja MAMA, juu ya farasi, na bastola ya marehemu mumewe, risasi moja tu ya kichwa. Nilipiga kofi peke yangu.

Ila kuna kahadithi kafupi sana ka mtoto wa theluji, anachofanyiwa akiwa ameshakufa sikiandiki hapa. Mi sio mwoga, bibi yangu wa Newala alitusimulia zimwi lililomfungia mtoto ndani ya ngoma awe anaimba humo, na tulilala vizuri tu, lakini kwenye ngoma tulikuwa tunasubiri mtoto atoke. Kale hakana wa kumsubiri. Kanakuchafua roho halafu kanakuacha hapo hapo. Na kiingereza chake kizito kweli, sentensi moja inakula nusu ukurasa, kaa na kamusi.

Kwa mtu mzima nampa nne kati ya tano. Jamaa wa vitabu nampa mbili, maana nimemrudishia leo nikamweleza yote hayo taratibu, akanisikiliza anaitikia sawa dada, sawa dada, akanipa elfu tano yangu halafu akakitumbukiza kwenye boksi lile lile la watoto. Nimekitoa mwenyewe nikakipandisha juu kule kwenye vitabu vya sheria.