Chujio gani la maji ununue Dodoma? Anza kwa kuchungulia birika

Kabla hujatoa pesa, funua birika la chai. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ni chokaa ya maji yetu ya visima, ya Mzakwe yanayolisha mji na ya uani vilevile. Unaudhi, unakula koili ya hita, lakini hauleti kipindupindu. Nalisema mapema kwa sababu wauza machujio wanapenda kututisha nao.

Kijana mmoja alinifuata kibarazani na glasi mbili, moja ya maji yangu ya bomba, nyingine ya mashine yake. Akachovya kifaa chenye ncha za chuma, akachomeka umeme. Ya kwangu yakageuka tope, ya kwake yakabaki meupe. "Mama, haya ndiyo unawapa watoto!" Nikamwambia atie chumvi kidogo kwenye glasi yake arudie. Nayo ikawa tope. Ile rangi ni kutu ya ncha zenyewe: maji yenye madini hupitisha umeme na chuma kikaliwa, yasiyo na madini hayapitishi. Alifungasha akaenda kwa jirani.

Siku hizi kuna na neno "nano". Nanomita 1 ni mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele una upana wa nanomita kama 80,000. Bakteria wa kuharisha ana urefu wa 1,000 hadi 2,000, kirusi cha rota hakifiki 100, na floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi) au chumvi iliyoyeyuka haifiki hata 1. Chekeche hushika pumba, ila sukari iliyokwisha yeyuka kwenye uji hupita bila hodi. Basi boksi likiandikwa "nano" bila kutaja ukubwa wa tundu wala kinachoondolewa, hujaambiwa kitu. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, aliunganisha chujio la mchanga na chembe za nano, akalirekebisha kufuata uchafu wa maji ya eneo husika. Huyo alianza na maji, si na boksi.

Kwa nyumba nyingi za mjini zenye bomba, namba moja kwangu ni ndoo mbili zenye mshumaa wa kauri, yaani kichujio cha udongo wa kuchoma chenye umbo la mshumaa. Tundu zake ni kama nanomita 200 hadi 500, bakteria wanakwama, na umeme ukikatika hujali. Dukani utoe mshumaa uuzungushe kwenye mwanga. Wenye ufa, hata mwembamba kama uzi, urudishe. Angalia na raba ya shingoni, maana maji yakipenya hapo umenunua ndoo mbili tu. Usafishe kwa brashi laini bila sabuni. Virusi wanaweza kupita, kwa hiyo kukiwa na mlipuko chemsha au tia dawa ya klorini.

Unayeletewa na boza au kuchota kisima cha wazi, chukua chujio la nyuzi, yaani vimirija vyembamba kama uzi, lenye tundu za nanomita 10 hadi 100. Linashika wadudu wadogo zaidi, ila usiposukumia maji kinyumenyume mara kwa mara linaziba.

Mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando unaozuia hata chumvi, naiweka ya tatu, isipokuwa maji yako ni ya chumvi au yana floridi, kama sehemu za Singida. Hapo inapanda kuwa ya kwanza, maana mshumaa hauwezi na kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, floridi inabaki ileile. Peleka sampuli maabara ya maji kwanza. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ujue pia kwamba mashine hizi mara nyingi humwaga lita mbili tatu ili kupata moja ya kunywa, na kwetu maji ni ya mgao. Tega ndoo kwenye mrija wa taka, udekie na kumwagia chooni. Mzabibu usiupe, yana chumvi.

Jagi lenye kichujio cha mkaa ni la mwisho. Linaondoa harufu ya klorini na chai inakuwa tamu, basi. Vijidudu linawaacha, chumvi linaiacha, na ukichelewa kubadilisha mkaa wadudu wanazaliana humo humo.