Uzoefu wangu wa kutumia bodi ya majaribio ndani ya bidhaa ya kuuzwa

Bodi niliyoinunua, yaani saketi iliyo tayari ya kujaribia mawazo, ilikuwa na moduli ya Wi-Fi iliyofunikwa kwa kibati, na juu ya kibati hicho palichapwa namba ya utambulisho ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. Niliifunga ndani ya kifaa cha kupima unyevu wa udongo, ambacho nilikusudia kukiuza Marekani na Ulaya, nikiamini kwa dhati kwamba suala la vibali limekwisha.

Sivyo ilivyokuwa. Namba ile ni ya moduli peke yake, na uidhinishaji wake una masharti: antena iwe ya aina ileile iliyopimwa nayo, isiyoizidi kwa ukuzaji wa mawimbi, na nje ya kasha paandikwe kwamba ndani mna moduli yenye namba hiyo. Vilivyobaki, yaani kigeuza volti, kiunganishi cha USB na nyaya zangu zote, huhesabiwa kuwa kifaa cha kidijitali chini ya Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC, na mwenye kuvijibia ni mimi.

Maabara niliyoiomba vipimo vya awali ilinionyesha tatizo mara moja. Kebo ya kihisi ilikuwa na urefu wa mita 1, ambao ni robo ya urefu wa wimbi la megahezi 75, na karibu na masafa hayo kelele za saketi, yaani mawimbi ya redio yasiyotakiwa, zilitoka kana kwamba nimezifungia antena makusudi. Ukomo wa vifaa vya nyumbani kati ya megahezi 30 na 88 ni mikrovolti 100 kwa mita, ukipimwa kwa umbali wa mita 3. Kifaa changu kiliuvuka. Kipete cha feraiti, kinachovishwa kwenye kebo, kilipunguza kelele hizo, lakini pini za bodi hazikuwa na kichujio chochote, jambo ambalo kwa haki siwezi kuilaumu bodi iliyoundwa kwa ajili ya meza ya fundi.

Kwa Ulaya mambo ni mazito zaidi. Agizo la 2014/53/EU, sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vifaa vya redio, halivihusu vifaa vya tathmini, yaani vya kujaribia, vilivyotengenezwa mahsusi kwa wataalamu, vya kutumika katika vituo vya utafiti tu. Vikiingizwa katika bidhaa ya dukani, msamaha huo haupo tena. Wala kuunganisha sehemu mbili zenye alama ya CE, inayoonyesha kuwa bidhaa inakidhi sheria za Ulaya, hakuifanyi bidhaa nzima istahili alama hiyo. Tamko la ulinganifu, yaani hati ya kuthibitisha hilo, hutiwa saini na yule ambaye jina lake limo kwenye kasha, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 linagusa pia usalama wa mtandao kwa vifaa vya redio vinavyoingia kwenye intaneti. Nilipomwomba muuzaji ripoti za vipimo, alinitumia za moduli. Za bodi hakuwa nazo.

Kwa kujifunzia na kujaribia mawazo, bodi hii naisifu bila kusita, na nitainunua tena. Kwa bidhaa yenyewe nimechukua moduli ileile, nikaichorea bodi yangu yenye tabaka zima la shaba lililounganishwa na ardhi ya saketi (volti sifuri) na vichujio kwenye kila kebo inayotoka nje.