Fort Jesus, Mombasa: Lango Moja, Hazina Mbili

Anayeingia Fort Jesus, au Ngomeni kama wenyeji wanavyopaita, asubuhi kabla jua halijakolea, hatajutia fedha alizolipa langoni. Mimi nilikaa saa mbili na nusu. Nilianzia juu ya kuta, kwa kuwa huko ndiko mtu anakoielewa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyewachorea Wareno ngome hii iliyoanza kujengwa mwaka 1593: pembe zake zimetokezwa nje ili mlinzi aliyesimama kwenye moja aweze kuulinda ukuta wa pembe ya pili. Hakuna picha inayoweza kulieleza jambo hilo kama miguu yako mwenyewe inavyolieleza.

Ndani ya makumbusho nilivutiwa zaidi na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Kuzingirwa huko kwa ngome kulianza mwaka 1696 na hakukwisha hadi Desemba 1698. Ipo pia michoro ya meli na watu iliyoachwa ukutani na Wareno, na mimi huipenda kuliko mizinga, maana inaonekana kuwa kazi ya watu waliochoka kungoja.

Hata hivyo, tathmini ya mahali kama hapa haikamiliki bila kuuliza nani anayelipia matengenezo. Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na ilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, fedha za kazi hiyo zilitoka katika Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Leo inasimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Upande wa bahari, ambako mawimbi yalikuwa yakiula mwamba wa matumbawe unaobeba ngome nzima, sasa kuna ukuta wa kuyazuia. Nauhesabu kuwa matumizi bora kuliko pambo lolote ambalo lingewekwa ndani, ingawa mgeni anaweza kupita bila kuutazama.

Swali gumu linaanza unapotoka langoni. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali kuu majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, kisha linazipa kaunti makumbusho, shughuli za utamaduni na bustani za umma. Mstari huo unasomeka vizuri kwenye karatasi, lakini mgeni hauoni anapovuka kutoka ngome hadi vichochoro vya Mji wa Kale, kwenye roshani za mbao na milango ya nakshi ambayo kwake ni sehemu ya ziara ileile. Ada ya lango haiingii katika hazina ya kaunti. Zinazoingia huko ni ada za maegesho na leseni za biashara, ambazo nazo zinapata nguvu kwa sababu ngome ipo. Kwa hiyo naona ni haki kaunti itenge fungu maalumu, hata liwe dogo, kwa ajili ya nyumba zinazoizunguka ngome.

Nyumba hizo nyingi ni mali ya familia, na kuzitunza si kazi rahisi. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa huweza kunyonya unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hukwama ndani, plasta ikabanduka na vichwa vya boriti vikaoza. Mwenye nyumba huchagua saruji kwa sababu inapatikana haraka dukani na kila fundi anaifahamu, wala simlaumu. Msamaha wa ada za ardhi kwa anayetengeneza kwa chokaa ungembadilishia hesabu, tena bila kaunti kutoa fedha taslimu. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Wenye nyumba hizo wangefaa kuwa wa kwanza kwenye mikutano hiyo.

Ngome yenyewe naipa nyota tano, na utaratibu wa kugharamia eneo lote naupa tatu. Fika mapema, vaa viatu visivyoteleza, na ukiwa na mzee usimpandishe kwenye kuta baada ya saa tano, kwa kuwa kivuli huko ni haba. Ukitoka, fuata Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, polepole, uangalie kuta zilizo juu ya mabaraza: utaitambua saruji pale plasta ilipoanza kuvimba.