Kabla hujauliza bei ya pikipiki, shika cheni kwanza

Karibuni wadau. Leo sisemi spidi wala cc za injini, hayo mnayajua. Hii hapa ni Honda CG125, mtumba, bado haijawa yangu. Mwenyewe kaniachia siku 2 niikague, na nimeshaipenda, nasema mapema. Sababu ni hili kava la cheni. Kamera sogea, sogea hapa.

Mnaona? Cheni imefunikwa yote, juu na chini, mbele mpaka nyuma. Pikipiki iko kwenye stendi kubwa, gia nyutro. Nachomoa hiki kizibo cha mpira, naingiza kidole, nasukuma cheni juu, naishusha. Rula: milimita 30. Nazungusha tairi robo, napima tena: 30. Nazungusha tena... 22! Hapo hapo. Cheni ikichakaa hailegei sawasawa, inabana sehemu moja inaachia nyingine. Fundi akipima pale palipolegea tu, akakaza, ile sehemu iliyobana inavuta beringi kila tairi likizunguka. Ndiyo maana unapima sehemu nne, na unakaza kwa kufuata ile iliyobana zaidi. Pikipiki nyingi za kazi zinataka kati ya milimita 20 na 30, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho cha mwisho. Na ukishavuta tairi nyuma, breki ya nyuma nayo inabana, kwa hiyo legeza ile nati ya fimbo yake. Hilo wengi wanalisahau, wanatembea breki imeshika.

Pikipiki yangu ya kwanza, jina silitaji, cheni ilikuwa wazi. Nakaa Dodoma, vumbi la huku mnalijua, likikutana na oili linakuwa msasa. Ndani ya mwaka nilinunua cheni na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, mara 2, shilingi 35,000 kila mara. Meno ya sproketi yalikuwa yamelala upande mmoja kama ya msumeno. Wakati nanunua nilipiga hesabu ya mafuta tu, cheni sikuiwaza kabisa, na iliniuma sana.

Wiki ijayo tunafungua vali, vile vilango vya injini vinavyoingiza mafuta na hewa na kutoa moshi.

Na vali ndiyo sababu yangu ya pili. Honda walitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inapiga kazi kutwa na sevisi inachelewa. Wakaiondoa cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, vali zinasukumwa na fito za chuma. Cheni ya nje wakaifunika. Yaani walikaa wakamfikiria mtu kama sisi, na mimi hilo linanigusa.

Najua mtaniambia Boxer. Sibishani, spea zake ziko hadi vijijini, na hapo nakiri nimeanza kusita, kwa sababu kava kama hili likipasuka utalitafuta. Ila injini nyingi za Kichina zimeiga hii ya CG, kwa hiyo mafundi wameizoea. Wengine mnaniuliza za umeme. Kule Kigali kampuni ya Ampersand inakubadilishia betri iliyoisha kwa yenye chaji, hakuna kumwaga oili, hakuna plagi. Navutiwa kweli, nikipata ya kujaribu nitawaletea. Lakini ukiwa na pesa ya pikipiki ya petroli mkononi leo, muulize muuzaji: mara ya mwisho oili ilimwagwa lini? Chujio la hewa liko wapi, nilione? Akisita, fungua mwenyewe.

Bei sasa. Anataka 1,300,000. Ile 22 na ile 30 zinaniambia cheni inaelekea ukingoni, na cheni mpya haivalishwi sproketi iliyokwisha, itakufa upesi. Natoa pesa ya seti nzima kwenye bei yake. Subirini, msitoke, nampigia sasa hivi mbele yenu, naweka spika.