Kupanga Nyumba Texas: Anza na Bili ya Maji, Kodi Baadaye

Mwaka jana nilipanga apatimenti ya chumba kimoja hapa Houston kwa dola 1,140. Niliilinganisha na wastani wa bei kwenye tovuti za matangazo, nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Ankara ya kwanza ikaja na mistari saba: kodi, maji, majitaka, taka, dawa ya wadudu, maegesho, na ada ya kuandaa hiyo ankara yenyewe. Jumla dola 1,327. Naishi peke yangu, natoka saa 12 asubuhi narudi usiku, na bado mstari wa maji ulisoma dola 71.

Nilipouliza nikaambiwa apatimenti yangu haina mita. Jengo zima lina mita moja, na bili inagawanywa kwa hesabu ya watu na ukubwa wa nyumba. Choo cha jirani kikivuja mwezi mzima, nawe unalipia.

Kwa hiyo mambo ya vyumba vingapi, shule na umbali wa kazini nayaacha, hayo kila mtu anayajua. Swali langu ni moja: mita ya maji ni ya nani? Kanuni za Tume ya Huduma za Umma ya Texas zinamtaka mwenye jengo anayegawa bili aandike kwenye mkataba wastani wa bili ya mwezi kwa mwaka uliopita, pamoja na mwezi wa juu kabisa na wa chini kabisa. Ukurasa huo utafute kabla ya kusaini. Mimi sikuutafuta.

Na ukitaka kipimo cha kuaminika, mimi niko upande wa HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, wala sifichi. Kila mwaka inatoa kiwango cha kodi kwa kila eneo na kila idadi ya vyumba, na ndani yake umo umeme na maji. Sensa nayo inahesabu hivyo hivyo: kodi ya nyumba ya kati Texas (nusu ya wapangaji wako juu yake, nusu chini) kwa 2018 hadi 2022 ilikuwa karibu dola 1,250, huduma zikiwemo. Matangazo yanakupa kodi tupu, kisha unailinganisha na namba yenye kila kitu na kudhani umepunguziwa.

Sasa mpangilio wangu wa mahali pa kupanga.

Ya kwanza ni San Antonio, na hasa nyumba ya pacha au nyumba ndogo yenye mita yake. Maji yanatoka SAWS, umeme na gesi CPS Energy, yote mali ya jiji. Unafungua akaunti kwa jina lako, unalipa ulichotumia. Kodi yenyewe huwa chini ya Austin na Dallas. Ningekuwa na kazi kule ningehama kesho.

Ya pili, nyumba nzima pembezoni mwa Houston, kama Katy au Cypress. Maji mara nyingi ni ya wilaya ya huduma, yaani chombo cha umma cha maji cha eneo lile, na mita iko nje uani, unaisoma mwenyewe. Tatizo ni umeme. Unachagua kampuni mwenyewe, na karatasi ya bei inayotolewa na kila kampuni inaonyesha gharama kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Mipango mingi inang'aa kwenye 1,000 tu, kwa sababu punguzo linaanzia hapo. Tumia 960 uone. Nyumba nzima inapigwa na jua pande zote nne, kwa hiyo Agosti kiyoyozi hakizimwi.

Ya tatu, Austin. Ni ghali, ila majengo mengi mapya yameshusha kodi tangu kilele cha 2022, na meneja mwenye apatimenti tupu anakubali kuongea. Mwombe afute ada, si kukupa mwezi wa bure.

Dallas naiweka ya nne kwa sababu ya majengo makubwa ya Irving na Plano, miji jirani yake, ambako ada zimerundikana. El Paso na McAllen ni rahisi kweli, nenda kama kazi ipo.

Kinachoniuma zaidi ni ada ya taka. Kwenye jengo langu ni dola 30 kwa mwezi ili mtu achukue mfuko mlangoni, na pipa kubwa liko hatua arobaini kutoka kwangu. Niliomba nipeleke mwenyewe. Jibu: ni lazima kwa kila mpangaji. Kama ni lazima, basi ni kodi, na iandikwe kwenye tangazo pamoja na kodi. Siku hizi nikipiga simu kuulizia nyumba simuulizi dalali bei. Namwomba anitumie kwa barua pepe jumla ya ankara ya mpangaji aliyetoka, jina likiwa limefutwa. Kati ya watano niliowaomba, mmoja alinitumia, na huyo ndiye nitakayemwendea mkataba wangu ukiisha.