Ryzen 5 5600: Uinunue Sasa au Usubiri?

Kama mashine yako bado ina prosesa ya AMD Ryzen 5 1600 kwenye mazabodi ya B450, usisubiri. Ryzen 5 5600, iliyotoka Aprili 2022, inakaa kwenye soketi ileile ya AM4: kori 6, wati 65, na kipozeo chake kimo ndani ya boksi. RAM yako ya DDR4 inabaki palepale. Ukihamia AM5, soketi mpya zaidi, unanunua prosesa, mazabodi na RAM ya DDR5 kwa mkupuo, maana AM5 haipokei DDR4 kabisa. Halafu Windows 11 haiitambui rasmi 1600. 5600 imo kwenye orodha ya prosesa inazozikubali.

Wengi huharibu kwenye kufunga. Wanachomoa prosesa ya zamani kabla ya kusasisha BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine), kisha skrini inabaki nyeusi. Sasisha kwanza, kwa flashi iliyofomatiwa FAT32, na uwe na UPS (betri ya akiba) kama umeme wa mtaani kwenu hauaminiki. Ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa. Baada ya hapo tumia mashine dakika kama 10 ili pesti ya kipozeo ilainike. Kisha zima mashine, chomoa waya, kisha zungusha kipozeo taratibu kabla ya kukinyanyua. Ukikivuta wima kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho na pini zikapinda. Kunyoosha pini ni kazi ya macho na subira.

Mwenye Ryzen 5 3600 anayecheza gemu kwa ubora wa skrini wa 1440p anaweza kusubiri. Mara nyingi kinachombana ni kadi ya picha.