Uzoefu wangu na prosesa ya Core i5-4590 kwa gemu za zamani za mashine za sarafu

Kwa miezi saba sasa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i5-4590 imekaa ndani ya kabati la plaiwudi ambalo fundi seremala wa Keko alinitengenezea kwa vipimo vyangu, na kazi yake ni moja tu, kuendesha MAME, programu inayoiga mashine za zamani, ili gemu za mashine za sarafu, zile za kumbi za michezo, zichezwe nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Niliinunua Kariakoo ikiwa imetumika, bila monita, kwa shilingi 320,000 baada ya kupatana. Nimeridhika nayo. Hata hivyo, kabla yake nilinunua mashine isiyofaa, na kosa lililonipeleka huko nalisikia kwa karibu kila mtu anayeniomba ushauri: tunahesabu viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu, badala ya kuuliza kiini kimoja kina nguvu kiasi gani.

Mashine hiyo ya kwanza ilikuwa na Xeon E5-2650, prosesa ya mwaka 2012 yenye viini vinane, ambayo kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.0 na hupanda hadi 2.8. Muuzaji aliniambia, “Kaka, hii ilikuwa inafanya kazi za ofisi kubwa huko Ulaya, gemu za zamani haziwezi kuisumbua.” Simlaumu, kwa kuwa hata mimi niliamini hivyo. Pac-Man na Street Fighter II zilikwenda bila tatizo lolote, nami nikalala nikiwa na furaha. Kesho yake nilifungua NFL Blitz, gemu ya mpira wa Kimarekani yenye picha za 3D: sauti ikawa inakatika, wachezaji wakawa wanakimbia kama walio ndani ya maji, na dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa likaniambia kwamba kiini kimoja kimejaa kabisa huku vingine vikifanya kazi kidogo tu.

Sababu yake iko katika namna MAME inavyofanya kazi. Programu hii, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, haikutungwa ili iende kasi. Ilitungwa ili ihifadhi mashine za zamani kwa kuiga mwenendo wa chipu zake jinsi zilivyokuwa. Pac-Man ya mwaka 1980 ilitumia chipu ya Z80 ya takriban megahezi 3, na Street Fighter II ya mwaka 1991 ilitumia Motorola 68000 ya megahezi 10 pamoja na Z80 nyingine ya kushughulikia sauti. Chipu hizo zilikuwa zikipashana habari kila wakati, kila moja ikitegemea mwenzake asiwahi wala asichelewe, kama wapiga ngoma wa kundi moja. Ukimweka kila mpigaji katika chumba chake na kumtaka asubiri mjumbe ndipo apige, ngoma itaharibika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hubaki katika kiini kimoja, na viini vya ziada husaidia katika mambo machache tu, kama vile sehemu ya uchoraji wa picha za 3D.

Picha za 3D ndizo zinazotenganisha prosesa nzuri na ya kawaida. NFL Blitz ya mwaka 1997 ilikuwa na prosesa ya MIPS ya megahezi 150 na chipu ya picha ya Voodoo kutoka 3dfx, na MAME huifanya kazi ya chipu hiyo kwa kutumia prosesa yako, bila kuipeleka kwenye kadi ya picha. Mtu akikushauri ununue kadi ya picha ya bei kubwa kwa ajili ya gemu hizi, pesa hiyo iongeze kwenye prosesa.

Ile Xeon niliiuza kwa kijana anayehariri video za harusi, ambaye kazi yake kwa kweli hutumia viini vyote vinane, nami nikarudi Kariakoo nikiwa na daftari. Nilikuwa nimeandika mambo mawili: kizazi cha prosesa na kasi ya kiini kimoja. Kwa Core i5 za miaka ile, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi, hivyo i5-2400 ni ya kizazi cha pili na i5-4590 ni ya nne, na kizazi kipya hufanya kazi nyingi zaidi hata gigahezi zikilingana. Hapa naomba msomaji awe makini sana na herufi ya mwisho. Duka la kwanza lilinionyesha kompyuta ndogo nzuri, safi, iliyobandikwa karatasi ya “i5 kizazi cha nne”, lakini nilipoiwasha na kusoma jina kamili nikakuta i5-4590T. Herufi hiyo moja ina maana kwamba prosesa imepunguzwa ili itumie wati 35, na kasi yake huanzia gigahezi 2.0 na kuishia 3.0. Ile isiyo na herufi huanzia 3.3 na kufika 3.7, ikitumia hadi wati 84. Kwa karatasi iliyobandikwa nje huwezi kuzitofautisha.

Duka la pili walinikubalia nichomeke flashi yangu na kujaribu kabla ya kulipa, na nawashukuru kwa uvumilivu wao kwa sababu nilikaa pale karibu saa nzima. Ndani ya MAME ukibonyeza F11 unaona asilimia ya kasi. Ikikaa kwenye 100, gemu inakwenda kama ilivyokusudiwa. Ikishuka, sauti ndiyo itakayokuambia kwanza. Nilianza na gemu ngumu kuliko zote nilizonazo, kwa maana mashine yoyote inaweza Pac-Man na jaribio hilo halikufundishi kitu.

Nyumbani matokeo yamekuwa hivi. Gemu zote za 2D ninazocheza, pamoja na Metal Slug, hazishuki kabisa chini ya asilimia 100. Killer Instinct na Tekken 3 ni laini mwanzo hadi mwisho. Gauntlet Legends hushuka kidogo adui wanapojaa kwenye skrini, na NFL Blitz inachezeka vizuri isipokuwa katika matukio machache ambapo sauti hukwaruza. Wanangu hawalalamiki, mimi ndiye ninayesikia.

Joto la Dar es Salaam lilinipa somo jingine. Ilipofika Januari, gemu zilizokuwa nzuri Septemba zilianza kusuasua baada ya nusu saa, kwa sababu prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nilipoifungua nilikuta pesti ya kupozea, ile inayopakwa juu ya prosesa ili kuhamisha joto, imekauka kama udongo wa kichuguu na feni imebeba vumbi la miaka. Fundi aliisafisha na kupaka pesti mpya, nami nikatoboa matundu upande wa nyuma wa kabati na kuongeza feni ndogo. Tangu hapo haijarudia. Mashine iliyotumika, hata kama inawaka vizuri dukani, itengee pesa ya pesti siku hiyo hiyo.

Kwa mwenye bajeti ndogo zaidi, ningemshauri atafute i3-4130, ambayo ina viini viwili tu lakini kasi yake ni gigahezi 3.4, na kwa gemu za 2D haitampungukia. Ikiwa mashine aliyonayo ni dhaifu kuliko hiyo, FinalBurn Neo ni programu nyepesi kwa gemu za kampuni ya Capcom na za mashine za Neo Geo, ila ajue kwamba faili za gemu lazima zilingane na toleo la programu, na kwamba nyingi ya gemu hizo bado zina wenye hakimiliki.

Faida ya i3-4130 ni kwamba inakaa katika soketi ile ile ya LGA1150, yaani nafasi ya kuchomekea prosesa kwenye bodi, kwa hiyo akipata pesa anaweza kubadilisha prosesa peke yake na kuiacha bodi ilipo. Hata mimi naifuata njia hiyo: natafuta i7-4790, inayofika gigahezi 4.0 na hutumia wati zile zile 84, na siku nitakapoichomeka nitaanza na Blitz, katika yale matukio ambayo sauti bado inakwaruza.